Mahindi Yalitangulia

Bwana asifiwe sana, akina mama wa Rangwe! Na nyinyi wazee mliobaki nyuma mkijifanya mnapanga viti, Bwana asifiwe pia. Ketini tu, hii inawahusu.

Ndugu zangu, mnajua niliugua saratani ya mlango wa kizazi. Nilichomwa mionzi kwa wiki nyingi, nikapona, tukashukuru hapa mbele. Lakini kuna jambo sikushuhudia kwa sababu ya aibu. Nilirudi nyumbani nikiwa hai, ila kitandani sikuwa mke tena. Njia ilikuwa imekauka na kubana, hata kuguswa tu kulikuwa maumivu.

Hapo ndipo mvua ikaanza! Mnajua desturi yetu. Mama wa boma ndiye huanza kupanda, na hapandi kabla ya kulala na mzee wake. Wake za wanangu wawili walikaa na mbegu zao wakinisubiri. Majirani walikuwa wamemaliza, na shamba letu limekaa tupu kando ya barabara, kila anayepita anajua ni kwa nini. Niliaibika jamani!

Basi nikajikaza ili watoto wapande. Niliumia sana, nikatokwa na damu, tukaacha kabla ya kumaliza. Mzee wangu, Baba Otieno, alishtuka, akahamia kwenye kochi la sebuleni. Nikasema moyoni, huyu amenichoka, sasa ataoa mwingine. Nilimlilia Mungu hata nikiteka maji.

Mungu alinijibu kupitia sista, yule muuguzi wa kliniki. Siku ya kupimwa aliniuliza wazi, "Mama, na mambo ya chumbani yanaendeleaje?" Nikaangua kilio. Akamwita ndani mzee wangu, aliyekuwa amenisindikiza. Ndugu zangu, huyo mzee wa kanisa alitazama viatu vyake, kisha akasema, "Sista, mimi ninaogopa nitamuua." Kumbe! Siku zote hizo nikidhani nimechukiwa, mwenzangu alikuwa anaogopa kuniumiza!

Sista alitueleza kwamba saratani haiambukizwi kwa tendo la ndoa, na kwamba ni mionzi iliyokausha na kubana. Akanipa jeli ya kulainisha, na kifaa cha kupanua njia polepole. Akasema nikiona damu tena nisinyamaze, nirudi kwake.

Tulipofika nyumbani, Baba Otieno aliita boma lote. Akaombea mbegu, akasema, "Pandeni leo. Mama yenu hataharakishwa na mahindi." Wake za wanangu walitazamana, kisha wakachukua majembe. Mimi nilijifunika leso usoni nikalia kwa furaha.

Alirudi chumbani siku hiyohiyo. Tulianza na kushikana mikono tu, na hadithi, na kucheka. Mahindi yalipofika magotini, ndugu zangu, hapakuwa na haraka na hapakuwa na maumivu. Haleluya! Mnacheka? Chekeni, hata sisi tulicheka!

Sitadanganya, si kama zamani. Jeli inakaa kando ya Biblia, na kuna siku tunalala tu. Lakini nimeridhika, na mahindi tulivuna.

Mama unayejikaza peke yako, mwambie mzee wako ukweli, mwambie na sista. Mungu aliyekuponya hakuonei aibu. Na wewe mzee uliyehamia kwenye kochi kwa hofu, Yesu anakupenda. Rudi chumbani. Amina!