Meza ya Dada Koleta Isifungwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mzee Masanja, Mwenyekiti wa Bodi ya ushirika wetu wa asali, nawe Bwana Aftab, Meneja wetu Mkuu, masheikh, mapadre na wachungaji, wanachama mliotoka Goweko na Lusu, wenye maduka wa mtaa wa Ng'ambo mnaonunua asali yetu na kutusengenya, wafanyakazi wenzangu, na wewe Dada Koleta, unayestaafu leo: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze kwa ufupi. Waliocheka nimewaona. Mimi Sixbert, Afisa Elimu wa ushirika huu, nimewapinga magazetini mawaziri wa nchi za mbali ambao hawajui kama nipo duniani. Nimepambana na wataalamu, na wenye mabasi, na padre mmoja kuhusu vipaza sauti vya kanisa lake. Katika vita vyote hivyo nimepigwa sawasawa mara moja tu, na aliyenipiga amekaa pale kwenye kiti chenye maua, anajifanya anatazama soda yake.

Kwa wageni msiojua, Dada Koleta ndiye mkuu wa kitengo cha TEHAMA. Kitengo chenyewe ni yeye na mafundi wawili, Fikiri na Recheli. Hao wawili ndio wanaohudumia mizani ya ghala, kompyuta za ofisi na simu za mawakala wote. Zamani kila mwenye wazo aliwavuta. Mauzo wamemshika Fikiri mkono wa kulia, uhasibu wamemshika wa kushoto, na mimi nimeng'ang'ania shati. Dada Koleta akaweka meza. Akasema kila Jumanne, anayetaka mfumo mpya aje ajieleze hapo kabla fundi hajagusa chochote. Na ukifika, humwelezi yeye. Unawaeleza mafundi, kisha yeye anamgeukia Recheli na kumuuliza: "Ukilichukua hili, unatua lipi?"

Sisi wa Tabora tunapenda kujisifu mbele ya wageni kwamba misafara yote ilipita kwetu. Tunasahau kusema nani alibeba. Mizigo ile haikufika pwani kwa hotuba. Ilifika kwa bega la mtu, na bega lina mwisho wake. Je, sisi tuliosoma tumejifunza nini? Tunamwona fundi amekaa kitini, kivulini, mbele ya kompyuta, tunadhani hana mzigo.

Basi nami nikaenda mezani. Nilitaka mfumo wa simu wa kuandikisha mizinga yote ya wanachama, na kila mrina asali aandikishe wa kwake akiwa palepale msituni. Nilizungumza nusu ya asubuhi. Nilitaja nchi tatu ambako jambo hilo limefanikiwa. Mbili sijawahi kufika, na ya tatu niliishia uwanja wa ndege.

Recheli akauliza, "Mwalimu, mtandao je, huko msituni?"

Nikasema, "Upo juu ya mti."

"Juu ya mti?"

"Kwani warina hawapandi miti? Wakifika juu, wataukuta."

Mheshimiwa, nililisema hilo mbele za watu, nikiwa na akili zangu timamu, kisha nikaketi kusubiri makofi.

Dada Koleta hakucheka. Alisema, "Mdogo wangu, sijakataa. Fikiri atakutengenezea ukurasa mmoja tu wa majaribio. Nenda Goweko. Mrina mmoja, mti mmoja, simu moja. Ukirudi ndipo tutajua kama kazi hii inastahili kula miezi ya mafundi."

Nikapandwa na hasira. Nikaandika makala. Nilimwita kikwazo cha maendeleo, nikamwita ukuta uliovaa kitenge. Jioni yake akanitumia ujumbe: "Nimesoma. Aya ya tatu tamu. Goweko unakwenda lini?"

Nilikwenda. Mrina alikuwa Luhende, yule pale aliyeziba mdomo kwa kofia. Nilimkataza asipande, nilitaka kuonyesha kwamba hata msomi mwenye kitambi anaweza. Nikapanda. Na mtandao, ndugu zangu, ulikuwepo! Nilisema kweli! Mkono mmoja umekumbatia tawi, mwingine umeshika simu, ukurasa ukafunguka, ukaniomba nywila. Nikakosea. Ukaniomba tena. Nyuki hawakuniomba chochote.

Luhende akaita kutoka chini, "Mwalimu, umeshaandikisha?"

"Bado!"

"Shuka basi, wenzako wameshakuandikisha!"

Sikushuka. Nilianguka, kwa adabu, tawi baada ya tawi.

Wiki hiyohiyo msimu ulifunguliwa. Nilifika ghalani uso umeumuka kama kitumbua, nikakuta mizani imegoma. Kompyuta haisomi uzito. Nje mmepanga foleni na ndoo zenu, wengine mmelala njiani. Msimu uliotangulia, mizani ilipogoma vilevile, mafundi walikuwa wametekwa na mradi wa idara moja, na wengi wenu mkawauzia walanguzi barabarani kwa bei ya kutupa, mkaondoka mkitulaani. Hamkukosea. Safari hii Fikiri na Recheli walikuwepo, wana nafasi. Kabla ya adhuhuri foleni ilikuwa inasogea. Nami nilisimama pembeni, jicho moja limefumba, nikawaza: ningeshinda Jumanne ile, hawa wawili wangekuwa Goweko wananishikia ngazi.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Bwana Aftab, utanisamehe. Juzi uliniita ofisini ukasema wakuu wa idara wamechoka na "hapana" za Koleta. Kwa hiyo akiondoka, meza ifungwe, kila idara iende kwa mafundi moja kwa moja. Ukasema tangazo hilo nilitoe mimi, leo, kwa sababu "wewe ndiye adui yake namba moja, utalitamka kwa raha." Ulichagua vizuri. Kabla ya Goweko ningeliimba.

Silitangazi.

Wakuu wa idara, tumekuwa kabila la wakata utepe. Tunazindua, tunapiga picha, tunakula, tunakwenda kuwaza jingine. Nani kati yetu anaweza kutaja mfumo mmoja tuliouanzisha kwa pupa ambao hadi leo unatumika? Hata mmoja? Msitazame chini peke yenu, na mimi natazama chini.

Mtasema sasa nautaka ukubwa. Ni kweli, niliutaka. Jana nilimwendea Dada Koleta nikamwambia kiti chake nikikalie mimi, maana nimeshaelimika. Akanitazama kwa huruma. "Wewe? Mtu akikusifia makala yako, utampa Fikiri, Recheli, na gari la ofisi."

"Nani basi, dada?"

"Recheli. Yeye anajua kusema hapana bila kuandika makala."

Mzee Masanja, Bodi iko chini yako. Nakuomba hapa, mbele ya wanachama hawa waliopanga foleni, useme kwamba meza inabaki na Recheli ndiye ataiongoza. Usiniambie mtakwenda kulitafakari. Humu ndani mambo yakienda kutafakariwa hayarudi. Naona wapishi wamefunua masufuria, na harufu imefika mpaka hapa. Lakini mnanijua. Nimekunywa chai nzito, koo langu ni zima, na bado sijagusa historia ya ushirika wetu tangu enzi za mkoloni. Naweza kuanzia hapo. Hapo mwanzo, wanachama waanzilishi walikutana…

Ndiyo, Mzee? Sema kwa sauti, walio nyuma hawajasikia.

Mmesikia? Nawarudishia walio nyuma maneno ya Mwenyekiti kama yalivyo: "Meza ibaki, Recheli aiongoze, na wewe Sixbert ukae chini tule."

Recheli, hongera, na pole. Bwana Aftab, naona na wewe unapiga makofi. Nakushukuru, na tutazungumza Jumatatu. Dada Koleta, kapumzike. Nakushukuru kwa kunikatalia.

Na nyinyi nyote, asanteni kwa masikio yenu na kwa njaa yenu. Nakaa.