Papa Kaye Anastaafu, kwa Mara ya Tatu

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi katika kituo chetu cha michezo hapa Mususa, Bwana Syauswa Salomon, ambaye Butembo nzima inamwita Papa Kaye, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Msomaji mwenye kumbukumbu nzuri atasema sentensi hii alishaisoma katika jarida hili. Ni kweli. Niliiandika mwaka 2022, tukala mbuzi, tukapiga picha, na Jumatatu asubuhi nikamkuta uwanjani, kaye, yaani daftari lake, mkononi, akiniuliza kwa nini nimechelewa. Niliiandika tena mwaka jana. Mbuzi wa pili akaliwa. Safari hiyo alikaa nyumbani Jumatatu yote, tukafurahi, na Jumanne akarudi.

Sasa nimeombwa kuiandika mara ya tatu, na wasomaji mnisamehe kama kalamu imechoka. Mwezi wa nane alianguka kwenye kilima kilicho nyuma ya uwanja, saa ya kupimia mbio mkononi. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba moyo wake hauwezi tena kilima kile. Mzee ana miaka sitini na saba na alikuwa anakipanda mara sita kwa siku. Wiki mbili baadaye alikuwa juu tena. Ukimuuliza kama amechoka, anakutazama kama umemtukana: "Mimi? Kuchoka ya wapi? Hapana, niko bien." Kwa hiyo safari hii hatuandai karamu tu. Tunataka mtu huyu apumzike angali hai.

Aliajiriwa Septemba 1998 kutunza vifaa, yaani mipira minane na pampu moja, na kufukuza mbuzi wa majirani. Mwaka 2007 palitokea mafunzo ya siku tano huko Kisangani, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka safari ile, akaenda yeye. Alirudi na karatasi moja ya fotokopi, na tangu siku hiyo hatujapata amani. Karatasi ilisema jambo rahisi: baada ya mazoezi, muulize mwanamichezo yalikuwa mazito kiasi gani, kutoka sifuri hadi kumi. Zidisha jibu lake kwa dakika alizofanya. Jumlisha wiki nzima. Jumla ikipanda ghafla, mpunguzie kabla hajaumia. Aliyeiandika karatasi hiyo hakuwahi kufika Butembo.

Mimi nilikuja mwaka 2009, mwalimu wa michezo niliyetumwa kutoka Kisangani, nikakabidhiwa timu ya mbio. Nilifungua kaye za miaka miwili nikakuta kila mtu ameandikiwa mbili. Sikuli, kijana aliyekuwa ametapika karibu na lango machoni pangu, mbili. Hapa mtoto huzoea jembe mapema, na kusema umechoka ni kuwaaibisha waliokulea. Nilimuuliza Papa Kaye mwenyewe, aliyekuwa amezunguka uwanja mchana kutwa juani, kazi ya siku ile ilikuwa ngapi. Akasema moja.

Nilimshauri aache. Badala ya kuacha, alitupa namba na kuleta chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali inayoshusha viazi na kabichi kutoka milimani. Swali likawa: mazoezi ya leo ni sawa na kupandisha chukudu yenye magunia mangapi? Alidhani uzito huo kila mtu anaujua na hataudanganyia. Kuujua wanaujua. Lakini nani atakubali kuwa mtu wa magunia mawili? Wote wakapiga kelele kumi. Sikuli alisema kumi na tano, na tulikuwa tumenyoosha viungo tu. Kwa hesabu za kaye ya mwaka 2010, timu nzima ilipaswa kuwa imezikwa kabla ya Pasaka.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Wiki moja baadaye akaja na jambo ambalo hadi leo linaniudhi kwa sababu halikutoka kwangu. Aliacha kumuuliza mtu habari zake mwenyewe, akawa anauliza wenzake. "Sikuli leo alibeba magunia ngapi?" Na jibu likaja palepale, bila aibu: "Sikuli? Saba, Papa. Hata kufunga viatu ilimushinda." Ya kwake mtu huficha. Ya jirani, katika mji huu, hata bei ya shati lake inajulikana. Namba zikawa za kweli kwa mara ya kwanza.

Akaandika sheria kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza, na ameinakili kwenye kila kaye mpya tangu hapo. Mtu akishuhudiwa magunia manane au zaidi na watu watatu, wiki tatu mfululizo, haingii uwanjani. Atarudi siku ambayo mashahidi walewale watatu watasema ameshuka chini ya matano. Yeye mwenyewe hana sauti. Kaye zimefika themanini na moja, na zote zimo katika kabati langu, ambalo tangu 2016 halifungiki.

Hata hivyo uwanja haukumtosha. Alisema mwili ni mmoja, haujui hapa ni mazoezi na pale ni kazi ya mama, basi akaanza kuwafuata watu hadi kwao. Alihesabu mabido, yale madumu ya maji. Alihesabu mikungu ya ndizi. Nilikuwa nikipanga mbio za kilima, naye ananirudishia nusu ya timu nyumbani ikalale: "Huyu alishamaliza mazoezi yako asubuhi, na chukudu ya baba yake." Nilimfokea. Nimemfokea sana mzee huyu, nakiri. Alikuwa akingoja nimalize, halafu anaandika kitu. Miaka mingi baadaye niliona alichokuwa akiandika: jina langu, Hénock, dakika kumi na mbili, magunia tisa.

Wakati wa Ebola, mwaka 2018, ugonjwa ulipotoka Mangina ukafika Beni na kwetu, uwanja ulifungwa, kisha ukafunguliwa kwa masharti ya kupimwa joto getini. Kipimo kile alikipenda kuliko sisi wote. Alikisifu mbele ya wachezaji: "Hii hapana jua haya." Lakini mwaka huohuo, tulipokuwa tukizika watu wetu bila kuwagusa, aliongeza mstari mpya katika kaye. Kila aliyefiwa aliandikiwa magunia manne kwa siku, hata kama hakukimbia hatua moja. Nilimbishia kwamba msiba hauna dakika, utazidisha nini kwa nini? Aliendelea kuandika. Dada yangu alipofariki, nilikuta na mimi nimeandikiwa manne, siku arobaini.

Lazima niseme habari ya Beni, ingawa nilipanga kuiruka. Mwaka 2014 tulikuwa na Kanyere Falonne, msichana wa miaka kumi na saba, mkimbiaji bora kuliko wote waliowahi kupita mikononi mwangu. Mashindano ya Beni yalibaki siku nne. Falonne alisema yuko bien. Mashahidi walisema nane, tisa, tisa, na ilikuwa wiki ya tatu. Mama yake alikuwa mgonjwa, na kila asubuhi binti alikuwa akibeba kabichi kutoka shambani hadi sokoni kabla ya kuja kwangu. Mimi nilikuwa nimeahidi mji mzima medali. Siku ya safari Papa Kaye alisimama mbele ya gari, kaye kifuani, na dereva akazima injini. Falonne alilia, akamwita mchawi. Nami nilimwita maneno ambayo jarida la kituo haliwezi kuyachapa. Tulienda Beni bila yeye tukaambulia nafasi ya nne.

Ningependa kuandika kwamba nilielewa. Sikuelewa. Wiki iliyofuata mguu wa Falonne ulipigwa picha, na mfupa wa muundi ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hata hapo nilikaa miezi miwili bila kumsalimia Papa Kaye, safari hiyo kwa aibu. Mwaka uliofuata Falonne alikimbia Beni akashinda. Akaenda kusomea tiba ya viungo, na tangu 2020 ni mwenzetu kazini. Ndiye anayepokea kaye Ijumaa.

Na ndiye aliyepata dawa ya mzee huyu. Mwezi wa kumi, bila kelele, alifungua kaye mpya na mstari wa kwanza akaandika: Syauswa Salomon. Kisha akatafuta mashahidi watatu. Wa kwanza ni Mama Anne-Marie, mke wa Papa Kaye, ambaye hakuhitaji kubembelezwa: "Andika tisa, mwanangu. Anapumuzika mara tatu mbele ya kufika ku choo, na mimi ananiambia iko muzuri." Wa pili ni Falonne mwenyewe, nane. Wa tatu ni mimi. Nilisema kumi, wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Sikupunguza hata gunia moja, kwa sababu nampenda mzee huyu na sitaki kuandika wasifu wake wa nne, ule wa kusomwa kanisani.

Jumatano tulimwekea ukurasa huo mezani. Alivaa miwani. Alirudia kila zao na kila jumla akitafuta kosa, na hakupata. Akajaribu mlango mwingine: "Témoin, huyu shahidi wa tatu, iko na kasirani, ile hapana hesabu." Falonne akamwambia basi ya Hénock aandike nane. Mzee alirudi ukurasa wa kwanza, akasoma sheria kwa mwandiko wake mwenyewe, polepole, kama barua iliyotoka mbali. Halafu akatoa ile kalamu nyekundu mfukoni na kupiga mstari chini ya jina lake.

Papa Kaye, asante kwa miaka ishirini na saba. Asante kwa magoti ambayo hayakuvunjika na kwa watoto uliowarudisha nyumbani wakalale. Asante hata kwa kabati. Mbuzi wa tatu yuko tayari, na wewe hutamfukuza wala kumkamata, utamla tu. Kaa na Mama Anne-Marie, kunywa chai taratibu, waache wengine wapande. Tunakuombea siku ndefu na nyepesi.

Jumatatu geti litakuwa limefungwa, na funguo anazo Falonne. Unaijua sheria: utaingia siku ambayo sisi watatu tutasema umeshuka chini ya matano. Mzee wetu, hatuna haraka.

Hénock Elikia, kocha wa mbio na shahidi wa tatu