Herufi Nene za Mzee Pazi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Pazi Luqmani, fundi wa kuandika mabango wa Kihonda. Narudia: Mzee Pazi Luqmani wa Kihonda, aliyetutoka mwezi uliopita.

Ukipita Morogoro umeusoma mkono wake. Duka la dawa, madrasa, mashine ya kusaga. Herufi zake zilikuwa nene, za kizamani, na kila moja alikuwa akiiwekea nyayo chini, vijistari vya kulala, kama mtu aliyejipanga asisukumwe.

Kwa nini nyayo? Mkewe, Bi Raya, anasema, "Aliniambia herufi bila nyayo inateleza." Mdogo wa marehemu, Ahmadi, anakataa. "Shemeji, kaka alipenda urembo tu."

Binti wa Mzee Pazi, Chausiku, aliwasikiliza wote wawili, akazidi kuchanganyikiwa. Maana baba aliacha bango moja nusu, la zahanati mpya huko juu Uluguru. Aliandika ZAHA. Ikabaki NATI. Viongozi wa kijiji wakamwambia Chausiku amalize kabla ya ufunguzi, Ijumaa. Akishindwa, wataweka turubai la kuchapishwa mjini, na la baba litashushwa.

Hata msibani hakupata utulivu. Mtani wa ukoo, Furaha, alisimama katikati ya waombolezaji, brashi mkononi. "Huyu bwana kavika herufi viatu maisha yake yote, leo mwenyewe kaenda peku. Chausiku, usikae hapo unalia, kuna herufi nne hazijavaa." Watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Chausiku hakujua afuate lipi: la mama, la baba mdogo, au la mtani.

Jumatano akapanda mlimani. Akaandika NATI, na kwa kutaka kumheshimu baba, akanenepesha kila mstari. Kisha akafanya kama baba alivyofanya siku zote: akavuka bonde, akatazama kutoka ng'ambo. Akaiona ZAHA. Baada ya hapo, madoa meusi. Nafasi za ndani ya herufi zilikuwa zimeziba.

Akarudi, akaitazama A ya baba kwa karibu. Mguu mmoja mnene, mmoja mwembamba, nafasi ya katikati ikabaki wazi. Alikuwa akiiona kila siku, na hakuwahi kuitazama. Akafuta, akaanza upya.

Ijumaa akafika Bibi Sabra, wa kilima cha pili.

"Nimelisoma kutoka kwetu kule. Pazi kaandika vizuri."

"Shikamoo, bibi. Mzee Pazi ni marehemu, aliishia ZAHA."

"Marahaba. Masikini Pazi. Sasa hizi za mwisho kaandika nani?"

Alipozungumza nasi juzi, Chausiku alisema bado anatafuta jibu: ni mkono wake, au wa baba.

Bi Raya, Chausiku, Bwana Ahmadi na ukoo mzima, poleni sana. Mola amlaze mahali pema.

Nawe msikilizaji, kama mzazi wako bado yupo, leo muulize kwa nini kazi yake anaifanya vile anavyoifanya. Huenda hata yeye hajui. Basi kaa hapo, umtazame mikono.