Fundi Bado na Hita Iliyopuliza Baridi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Fundi Bado anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya magari ya wagonjwa. Jina hilo alilipata kwa sababu kila ulipomuuliza kama gari liko tayari, alijibu bado. Kamati ya kumuaga imenipa mimi, karani wa magari, kazi ya kuandika wasifu wake. Mwenyewe ameshaulizia mara mbili ni nani aliyenichagua, na kwa nini.

Alianza kwa kubadilisha matairi, akapanda hadi kuwa fundi wa injini. Hakuamini kitu. Hata chai ya ofisini aliinusa kwanza. Lakini adui yake hasa alikuwa hewa. Kila alipojaza maji ya rejeta, aliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, akaacha kifuniko wazi, akafungulia hita hadi mwisho wa joto, kisha akawasha injini na kuketi juu ya ndoo akitazama mapovu yakitoka moja moja. Geji ya joto hakuijali. Aliweka kiganja mbele ya tundu la hita: likipuliza baridi na injini imeshapata moto, basi hewa imejificha ndani, na gari haliendi popote.

Mimi nilimshuku kwamba anavuta muda ili asipewe kazi nyingine. Miaka kumi na moja iliyopita, simu za hospitali zikinichanganya, nilikuta gari liko juu ya jeki, injini ikinguruma, na yeye ameenda kula. Mshale wa geji ulikuwa umetulia katikati. Hita ilipuliza baridi, nami kwa ujuzi wangu wa makaratasi nikaona ni dalili njema. Nikafunga kifuniko, nikalishusha, nikajifuta mikono kwa tambara lake, nikampa dereva ufunguo.

Mlimani injini ikachemka, moshi mweupe ukatanda, na ndani mlikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Gari la pili lilimwahi, mtoto akazaliwa salama, lakini ilikuwa chupuchupu. Nilipoulizwa, nilisema gari nililikuta limeshashushwa kwenye jeki. Barua ya onyo akapewa yeye, na ikamnyima ukuu wa karakana mara mbili. Tangu siku ile alikula chakula chake cha mchana juu ya ndoo, macho kwenye jeki.

Wiki iliyopita nilimweleza mkuu wetu ukweli kwa maandishi, na barua ile imeondolewa kwenye jalada. Kisha nikaenda kumwambia Fundi. Kumbe alijua siku ileile: tambara lake la grisi alilikuta limekunjwa mara nne kama barua, na hakuna fundi wa kufanya hivyo. Ila hakutaka kumtia mtu hatiani kwa tambara.

Akaniuliza kama yote yametoka. Nikasema yametoka. Akasema bado.

Nilipofika mezani kwangu ndipo nikatambua kwamba sikuwa nimemwomba radhi. Naomba sasa, mbele ya karakana nzima. Nisamehe, Fundi.

Asante kwa kila gari lililopanda mlima ule likafika. Ustaafu wako uwe wa afya na raha, wewe na mama watoto. Kiti chako cha zawadi kiko ofisini. Skrubu zote tumezikaza, lakini tumekuwekea na bisibisi.