Musemaji wa Laurence Mukandori

Ndugu wafiwa, majirani wa hapa Gisenyi, na nyinyi mliovuka mpaka pale Petite Barrière asubuhi hii kutoka Goma, mimi ni Valens Kimenyi, mdogo wake marehemu, ninasoma kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, na mkiona karatasi inatetemeka msiseme ni upepo wa ziwa, ni mimi ninaogopa.

Marehemu Laurence Mukandori alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kanama, mtoto wa kwanza wa Onésphore na Kabatesi, mwaka 1959 wazazi wakakimbia naye hadi Goma, ambako mimi nilizaliwa, akasoma huko, na tarehe 2 Julai 1971 akapata diploma ya uuguzi. Tarehe 20 Julai 1974 alifunga ndoa na Straton, fundi wa injini za boti, tarehe 3 Februari 1976 wakamzaa Belise, mtoto wao wa pekee, Straton akafariki mwaka 1989, na Agosti 1994 tukarudi nchini, dada akaanza kazi katika zahanati moja ya hapa mjini, mimi forodhani.

Kazi yake mnaijua, lakini sehemu moja wengi hawakuipenda, kwani alikaa na wagonjwa wasiopona na kuwauliza wanataka siku zao za mwisho ziwe vipi, wapi, na nani karibu. Mwaka jana, mwezi wa Mei, alikosea, alimwuliza mzee Callixte wa Kanama, aliyeugua ini, kama amejitayarisha kufa, na katika nyakati hizi zetu maneno hayo yana maana nyingine kabisa, mzee akadhani jina lake limeshaandikwa mahali, kwenye orodha ya watu wa kuuawa, watoto wake wakambeba kwa machela mchana uleule, wakampandisha milimani bila dawa. Dada alilia, kisha akatembea kupita Mahoko hadi kwa mzee, barabara ile wanayovizia watu, Mungu wangu, akaomba msamaha. Tangu hapo hakuanza na kifo tena, alimwuliza mtu anaogopa nini, akanyamaza, akarudi kesho, akarudi kesho kutwa, mpaka mgonjwa mwenyewe alipokuwa tayari, ndipo akauliza, sauti yako ikiisha, nani atasema kwa ajili yako? Huyo wa kusema kwa niaba ya mgonjwa, dada alimwita musemaji, na alitaka atajwe mbele ya mashahidi wawili, ili baadaye watu wa nyumba moja wasigombane. Mzee Callixte alimtaja binti yake, akafariki kwake, kimya.

Juni mwaka huu wa 1998 dada alianza kuumwa tumbo, tarehe 18 Agosti madaktari wa Kigali wakamwambia ni kansa, imeshasambaa, akarudi nyumbani akaniambia mimi ndiye musemaji wake. Bon, nawaambia ukweli, niliogopa, nikasema nachelewa kazini, siku nyingine nikasema chai inapoa, siku nyingine nikasema atapona, akanicheka: “Valens, mi ndiye mugonjwa, we ndiye unatetemeka, unaogopa nini?” Nikamjibu ninaogopa watu watasema nimemuua, na hapa kwetu neno hilo si la kuchezea. Alinishika mkono, akaniuliza tena kesho yake, kama alivyowafanyia wagonjwa wake, hata tarehe 25 Oktoba nikakubali. Alitaka asipelekwe tena popote, apewe dawa ya maumivu tu, na nimwite Belise kutoka Kigali aje amsikie mama yake mwenyewe akisema. Sikumwita, niliogopa kilio chake, nikasema kesho, nikasema kesho, na tarehe 4 Novemba sauti ya dada ikaisha.

Tarehe 6 Belise alifika bila mimi kumwita, na gari, voiture, amepita barabara ileile, ampeleke mama yake hospitali, nikasimama mlangoni, nikasema hapana, mama yako alikataa. Akaniuliza mimi mjomba wake: “Tonton, mutu mwingine alisikia ni nani?” Hapakuwa na mtu, lakini sikutoka mlangoni. Marehemu alifariki tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, kitandani kwake, Belise amemkumbatia, na Belise hajaniambia neno tangu siku ya mlango.

Tunawashukuru madaktari, tunamshukuru Denyse, mfanyakazi mwenzake, aliyeleta dawa kila asubuhi hata risasi zikisikika, majirani waliotupikia maharage na viazi, na mafundi wa boti, wenzake Straton, waliochimba kaburi.

Belise, haya mengine hayamo kwenye karatasi. Mama yako alikuita, ni mimi sikulifikisha neno lake, kosa ni langu, na najua hata leo unaweza usiniamini. Nina miaka thelathini na minane, sina mke wala mtoto, na mbele ya watu wote hawa namtaja musemaji wangu, ni wewe, na siku sauti yangu ikiisha utaamua unavyotaka, hata ukinipandisha kwenye voiture sitakulaumu.

Dada Laurence, pumzika, Belise amesikia.