Matanzia Yasomwe Ijumaa

"Waraka wa Ndani Kuhusu Upunguzaji wa Tanzia, Misiba na Matangazo Mengine ya Huzuni katika Vikasha vya Barua Pepe za Watumishi Wakati wa Saa za Kazi." Hicho kilikuwa kichwa chake, na kilikaribia kuushinda waraka wenyewe kwa urefu. Ulitoka afisi ya utawala ya mradi mmoja wa maji mjini Mbale, kwa sababu watumishi walikuwa wakifiwa mara kwa mara na kila aliyefiwa aliwaandikia wenzake wote. Mtunzi wake, Afande Sam, mstaafu wa magereza aliyegeuka afisa utawala, hunywa kahawa kila saa ya chai kwenye benchi la Fatumah nje ya geti, na hapo jina lake ni Waraka. Pembeni yake hukaa Asadu, fundi wa kompyuta, aitwaye Seva, na Gaster, mtunza ghala, aitwaye Stoo. Fatumah hana jina la utani, maana birika ni lake. Asubuhi hiyo Gaster alikuwa ametoka Jinja kumzika dada yake Jovia, na udongo mwekundu wa Budondo, kijijini kwa shemeji yake, ulikuwa bado umeng'ang'ania viatu vyake.

— Kunywa, Stoo — Fatumah alimwambia. — Leo nimeongeza tangawizi.

— Walinikalisha kwa hema ya wageni — Gaster alisema bila kugusa kikombe. — Mimi, ndugu yake wa tumbo moja. Karibu na watu wa kukodisha spika.

— Hiyo ni kukosa utaratibu — Waraka alisema. — Ndugu wa marehemu anakaa mbele.

— Mugweri, shemeji yangu, aliniuliza mbele ya watu: "Tulikuandikia, mbona hukuja?" Nikasema mimi sikupata kitu. Watu wote wakaangalia chini, kama mtu amevua nguo.

— Walikuandikia wapi? — Waraka aliuliza.

— Imeili ya kazi. Jovia alitaka azikwe kwetu Busiu, karibu na kaburi la mama. Unajua mwanamke aliyeolewa analala kwa bwana yake. Kama anataka kurudi nyumbani, ndugu yake lazima aende akae na watu wa bwana, aombe. Mugweri mwenyewe alikuwa amekubali, lakini aliniambia: "Tulikuwa tunangoja mdomo wako tu."

— Si wangepiga simu, banaye! — Fatumah alisema.

— Jovia alikataa. Alisema hilo neno ni zito, liwe kwa maandishi, nije nalo mkononi, wazee waone. Na ukishamwandikia mtu, kumpigia tena ni kama kumdai.

 Kwa kuwa hakuna aliyejua la kumwambia Gaster, Waraka na Fatumah wakaanza kueleza jinsi barua pepe inavyopotea.

— Hiyo barua haikuwa na namba ya kumbukumbu — Waraka alitangaza. — Barua bila namba inazunguka. Kule magereza tulikuwa na barua moja ilizunguka mpaka mfungwa akamaliza kifungo, ndiyo ikafika ya kusema aachiliwe.

— Afande, hii si ya karatasi — Gaster alisema.

— Utaratibu ni uleule.

— Mimi nasikia pale Jinja, kwa daraja, kuna mtambo — Fatumah alisema. — Kila kitu kinachovuka Nile kinapimwa. Binamu yangu alitumiwa picha za harusi, zikafika bila bwana harusi. Wallahi.

— Basi mtambo haukutaka habari za maiti — Waraka alisema. — Hata mimi ningekuwa mtambo ningekataa. Au watu wa Budondo walipanda mnara wa simu wakaizuia. Ukoo hauachi kaburi liende hivihivi.

— Wanaweza, Afande? — Gaster aliuliza. Aliuliza kama mtu aombaye. Kati ya majibu yote yaliyokuwa yakipita juu ya benchi, alikuwa akitafuta moja la kwenda nalo Jinja.

 Siku nyingine, kijiwe kikifika kwenye mambo ya kompyuta, Asadu ndiye huanza kucheka. Leo alikitazama kikombe chake. Kulikuwa na jambo ambalo hakutaka kulifikiria, naye alikuwa akilifikiria tangu Gaster aliposema "imeili ya kazi".

Bodaboda ilisimama. Akashuka msichana mwenye kitambaa cheusi kichwani: Peace, binti wa marehemu, karani wa duka moja la Jinja. Alisalimia akiwa amesimama. Msichana wa Kisoga asiyempigia magoti mjomba wake amekwisha sema nusu ya maneno yake.

— Kojja — alimwita Gaster, maana huko kwao ndivyo mjomba anavyoitwa. — Kule nyumbani kulikuwa na watu wengi. Nimekuja nikuulize kwa mdomo. Ile barua ulisoma?

— Mwanangu, sikuiona.

— Mama alisema, mimi nikaandika. Haikurudi. Barua ikikosa njia si inarudi na maneno ya Kizungu mengi? Hii haikurudi. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza kama umejibu.

— Mwulize huyu Seva! Atakuambia kama mimi naficha barua!

Asadu aliona macho ya wote yamemgeukia. Angeweza kusema mtandao ulikuwa mbovu. Mtandao wa Mbale umebeba lawama nyingi, hii moja isingeuvunja mgongo.

— Dada — aliuliza — kichwa cha barua uliandika nini?

— Mama alikitaja mwenyewe. "Kuhusu mazishi yangu."

Asadu aliweka kikombe chini ya benchi, akatoa kompyuta kwenye begi, akaiunganisha na simu yake. Skrini ikawa nyeusi, na herufi nyeupe zikaanza kuteremka.

— Unafanya nini? — Waraka aliuliza.

— Nauliza seva, Afande. Kanuni za kupanga barua hazikai kwa simu ya mtu, zinakaa kule kwa mashine kubwa. Barua inapangwa kabla mwenyewe hajaiona. Na mimi siingii kwa sanduku la kila mtu kubonyezabonyeza. Naandika amri: kwa kila mtumiaji, weka kanuni hii, iwashe. Mstari mmoja tu, na watumishi wote wamepata.

Aliukumbuka mstari huo vizuri. Aliujaribu kwanza kwake mwenyewe, kwa tanzia ya kubuni ambayo marehemu wake alikuwa printa ya ghorofa ya pili, na kijiwe kizima kilicheka. Kila barua ambayo kichwa chake kina tanzia, au msiba, au mazishi, isiende kwenye inboksi. Iende kwenye folda iitwayo Matanzia, isomwe Ijumaa saa tisa alasiri. Ilifanya kazi bila kosa hata moja. Alijisifu siku ile.

Sasa aliandika amri ya kuorodhesha kanuni za mtumiaji gaster. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: matanzia, inafanya kazi. Akaandika nyingine, ya kutafuta ndani ya folda.

— Ipo — alisema.

— Ipo wapi? — Gaster alisimama. — Mimi naangalia hii simu kila siku!

— Simu inakuonyesha inboksi peke yake. Iko ndani ya Matanzia. Haijafunguliwa.

— Lakini waraka ulisema wazi — Waraka alianza, na sauti yake ilikuwa imepungua — folda ifunguliwe Ijumaa saa tisa. Mlitia saini kwamba mmesoma.

— Nilitia saini — Gaster alisema. — Wote tulitia. Nani alisoma?

— Na Ijumaa saa tisa — Fatumah alisema — mimi nakuwa nimefunga biashara, kwa sababu nyinyi nyote mmeshaenda nyumbani. Hata wewe, Afande.

Asadu alimgeuzia Gaster skrini. Gaster akainama, akapapasa mfuko wa shati, miwani haikuwepo.

— Acha, Kojja — Peace alisema. — Ninayo kichwani.

Akaisema akiwa ametazama barabara, bila haraka, kama mtu anayetajiwa tena maneno ya kuandika:

— "Kaka yangu Gaster. Naumwa, na hii haitapona. Mugweri ni mtu mwema, hajakataa. Amesema ukija wewe ukaomba kwa mdomo wako, ataniachia nilale Busiu kwa mama. Njoo nikiwa bado naweza kukukaribisha. Usilete kitu. Mimi Jovia."

Gaster alikaa chini polepole. Fatumah alifunika uso kwa ncha ya leso.

— Bambi, maskini — Peace alisema, na hakuwa akimwambia mtu. — Nami nilimwambia mama umekataa. Siku ya mwisho alipouliza, nilichoka, nikamwambia Kojja amekataa.

Hapo alipiga magoti, palepale kwenye vumbi, na Gaster akamshika kichwa kwa mikono miwili.

Asadu alikuwa ameshaanza kuandika.

— Unafanya nini tena? — Waraka aliuliza.

— Naitoa ile kanuni.

— Subiri, Seva. Iliwekwa kwa idhini, itatolewa kwa idhini. Andika ombi, mimi mwenyewe nitalipitisha leo.

— Iliingia kwa mstari mmoja, Afande, itatoka kwa mstari mmoja.

Alibonyeza. Majina ya watumishi yakaanza kupita, moja baada ya jingine, na Waraka hakunyoosha mkono kumzuia.

Peace aliinua kichwa. Alitazama majina yale.

— Na hawa wengine — aliuliza — kwa folda zao kuna nini?

 Asadu aliitazama skrini. Fatumah akainua birika amwongeze mtu kahawa, akalirudisha mahali pake.

Barua ya Jovia ilifika Mbale asubuhi ileile ilipotumwa. Mashine ya seva ilisoma kichwa chake, ikaiweka kando. Mugweri alimngoja shemeji yake mpaka mkewe akafa, kisha akamzika Budondo.