Mama Noela Aliyeitembeza Kompyuta Kabla ya Kuinunua

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Euphrasia Masalu, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Noela, anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Mavuno na Migodi kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameongoza kitengo chetu cha video hapa Shinyanga mjini. Anayeandika haya ni mpiga picha wake, Akida Abdulwahab, aliyemfuata na kamera begani kutoka Kolandoto hadi Runzewe na kukaripiwa njia nzima.

Mama Noela alizaliwa Kagongwa katika nyumba ya wafugaji. Aliajiriwa kama karani wa mapokezi, lakini kila alipopata nafasi alikutwa chumba cha kuhariri, akiuliza maswali mpaka wenyewe wakachoka. Shirika likaona heri kumpeleka masomoni. Alirudi na stashahada na ubishi mpya, na vyote viwili vimetufaa.

Kazi yetu ni kuwaelimisha wakulima kuhifadhi mazao, na wachimbaji wadogo wa Geita kuimarisha maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, kwa magogo wanayoyaita matimba, ili udongo usiwafukie. Watu katika video zetu huongea Kiswahili na Kisukuma, kama wanavyoongea nyumbani. Na Mama Noela ana sheria moja isiyojadiliwa: salamu haikatwi. Mtu wa huku hawezi kukwambia jambo kabla hajakusalimu na kukuuliza habari za nyumbani na za ng'ombe. Ukimkata salamu yake, atakayemtazama atadhani amekuja kugombana.

Mwaka 2019 ukatuletea kihoro. Wafadhili walitaka video zote ziwe za HD, na kompyuta yetu ya zamani ilikuwa ikifungua faili moja tu ya aina hiyo, basi, imezimia. Makao makuu, Dar es Salaam, yakaona njia rahisi ni kukifunga kitengo na kuipa kazi kampuni ya kukodi hukohuko. Sisi watano tungehamishwa, na asiyeweza kuhama angeaga. Mama Noela akaomba anunuliwe kompyuta moja na apewe nafasi ya kuhariri video moja na kuionyesha bodi. Wakakubali.

Sasa tuseme kweli, maana mwenyewe huisimulia kwa kicheko: safari ya kwanza alichemka. Alichagua kompyuta nyeupe, nyembamba kama sinia, ambayo kila kitu chake kiko nyuma ya kioo. Aliipenda kwa sura. Kumbe haifunguki hata kuongezewa RAM, na joto la Oktoba lilipoingia, feni yake ililia kama mashine ya kukoboa mpunga. Picha zikawa zinaruka badala ya kutembea. Swaumu, fundi wetu wa sauti, alilia waziwazi siku hiyo. Mumewe ni mwalimu Kolandoto, wanawe wanasoma hapa. Dar angekwenda na nani?

Mama Noela hakulia. Alikwenda kwa wahasibu, akawasifia ile nyeupe mpaka wakaitaka wao, nao wakamwachia fungu lao la kompyuta mpya. Wahasibu wanaipenda hadi leo, na kwa kujumlisha na kutoa haina kosa.

Safari ya pili tulikwenda Mwanza pamoja. Njiani alinieleza kwamba baba yake hakununua dume mnadani kwa kulitazama. Alilitembeza kwanza, akaliona linavyokanyaga. Basi naye alibeba kwenye diski yake video za wacheza ngoma wakitimua vumbi shambani. Vumbi likitembea, kila sehemu ya picha inabadilika kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kompyuta hutoka jasho. Kila duka tuliloingia alitaka video tatu za namna hiyo zipangwe pamoja na kuchezwa mwanzo hadi mwisho.

Muuzaji mmoja, Benjamini, alitutolea mbili zenye kibodi za taa za rangi, utadhani ukumbi wa harusi. Mama Noela hakuzitazama zile taa. Alisema tu, "Mwanangu, zima hiyo feni ya dukani. Mashine hii inakwenda Shinyanga, haiji kupunga upepo wa ziwa." Benjamini alilowa jasho, mimi nikalowa, na zile za taa zikakwama katikati ya ngoma. Iliyomaliza ilikuwa ya pembeni, nyeusi, nene, ya mtumba, juu yake wameweka chupa ya chai. Ilikuwa na kadi yake yenyewe ya kushughulikia picha, diski ya kasi ya kufanyia kazi, nyingine kubwa ya kuhifadhia, na nafasi ya kuongeza RAM. Mama Noela alinuna vizuri sana mpaka bei iliposhuka.

Benjamini akataka kumpa na programu ya kuhariri, ile ya wizi. Akaikataa palepale. Tulishawahi kuwa nayo, ikajifunga kazi ikiwa katikati, na wa kumlalamikia hakuna. Alichagua programu yenye toleo la bure la halali, baada ya kuhakikisha inafungua faili za kamera yetu zilivyo, na inatengeneza nakala nyepesi za kukatia, kisha mwishoni inarudi kwenye picha zenyewe.

Siku ya bodi ikafika. Video ilikuwa ya Bi. Mageni wa Runzewe, aliyefiwa na mwanawe katika duara lisilo na matimba. Kampuni ya Dar nayo ilikuwa imepewa picha zilezile ihariri ya kwake. Ya kwao ilikuwa safi na ya haraka, Bi. Mageni anatokea tu na kuanza kusimulia msiba. Katika yetu anakaa, anarekebisha kanga, na kwa HD ile unaliona hata vumbi la Runzewe kwenye pindo. Anatazama kamera, anasalimu kwa Kisukuma: "Mwangaluka." Anangoja kuitikiwa.

Mwenyekiti wa bodi, mzee wa Kisukuma, akaitikia kwa sauti mbele ya wote, "Mwangaluka, mayu," kama mtu anayejibu mama aliyeketi mbele yake. Hakuna aliyecheka. Bi. Mageni akaanza kusimulia, na mzee yule akavua kofia na kuishika mapajani hadi mwisho. Hoja ya kufunga kitengo haikusomwa.

Mama Noela, umetufundisha kazi, umetugombeza kwa haki, na tunakupenda. Tunakushukuru wewe na Baba Noela aliyevumilia safari zako zote. Mungu akupe afya, usingizi mnono na maisha mema huko Kagongwa. Jioni hii Swaumu atatoka kazini na kwenda kula na mumewe na wanawe, nyumbani kwake, hapahapa Shinyanga.